Chungu cha Kipaimara

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mjini Kayanga naenda chumvi ikiisha, na hata hapo nikipata wa kumtuma namtuma. Kwa miaka kumi na sita nimempikia mama mkwe wangu hapa Igurwa nyama ya ng'ombe kwa nyanya, na kila mara amekula, akafuta mdomo, akasema, "Imeiva." Basi. Utadhani anazungumzia jipu.

Halafu mdogo wa mume wangu akaoa mwanamke wa Muleba mwenye duka la vitenge. Pasaka alikuja akapika mara moja tu, na mama mkwe akasogeza sahani mbele.

"Niongezee mchuzi, mwanangu."

Mwaka wa kumi na sita, na sijawahi kuitwa mwanangu.

Nilikuwa nimempeleleza alipokuwa akipika. Alichuma vile vinyanya vidogo vinavyojiotea migombani, ambavyo mimi nawaachia kuku, akavipondaponda kwa mkono. Nyama aliichemsha peke yake kwanza hadi ikalainika, maana nyanya ikitangulia, nyama inakuwa ngumu. Mwisho akatia samli, akafunika chungu kwa majani ya mgomba. Nikamuuliza kajifunza wapi.

"Kwa mama, dada. Na yeye alifundishwa na mama mkwe wake. Wewe hakukufundisha?"

Ukweli ni kwamba sikuuliza. Niliolewa nikiwa na cheti cha kidato cha nne, nikaona mambo ya mchuzi nimeyamaliza.

Kwa hiyo kipaimara cha binti yangu wa kwanza kilipokaribia, niliwahi kabla mpishi mwingine hajatajwa.

"Mama, nyama ya sherehe nitapika mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Una hakika, mwanangu?"

Nilisikia neno la mwisho tu. Wiki tatu nikafanya mazoezi, hadi mume wangu akawa anauliza mezani, "Leo tunafanya mtihani wa ngapi?"

"Kula, unyamaze."

Jumapili niliinjika chungu alfajiri. Jirani tulikuwa tumeelewana aje kukilinda wakati wa misa. Nilishaoga, nimevaa, nafunga kilemba, mama mkwe akasimama mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kanisani, mama. Jirani yupo."

"Chungu cha sherehe hakibadilishi mkono katika nyumba hii. Aliyekiinjika ndiye anayekiepua. Ndiyo maana nilikuuliza kama una hakika."

"Na mtoto?"

"Mama yake mdogo atakaa naye."

Mama mdogo mwenyewe alikuwa uani, kitenge kipya, anamnyooshea binti yangu kola. "Usijali, dada, tutakaa mbele kabisa."

Ningeweza kuondoka. Hakuna aliyenifunga kamba. Lakini nilijua nikitoka, chungu kitapewa yeye, kisha itasemwa mimi nilishindwa. Nikavua kilemba, nikakaa jikoni na moshi.

Nyama ilitoka vizuri, nasema bila aibu. Mama mkwe aliongeza mara mbili, akaniita mwanangu mbele ya wageni. Nilikuwa namtazama binti yangu. Alikuwa amekaa na sahani yake, amemwegemea mke wa shemeji.

"Mafuta ya askofu yaliniteremkia hadi jichoni," akanisimulia. "Mama mdogo akanifuta na leso yake."

"Hata mimi ningekufuta."

"Ulikuwa unapika, mama."

Mke wa shemeji akanipa simu nione picha. Askofu, binti yangu, na pembeni kitenge kipya kinang'aa. Nikazitazama zote, nikamrudishia, nikamshukuru. Akasema mchuzi ni mtamu, angeomba kidogo tena.

Nikamchotea. Nilizungusha upawa chini ya chungu taratibu hadi nikaupata mfupa usio na nyama hata kidogo, nikamwekea huo.