Sala ya Mama kwa Mwanawe Mlevi

Kaka yangu alikuwa fundi mwashi mjini Kasulu, mwenye mkono mzuri, kabla pombe ya gongo haijamteka. Mkewe alichoka akarudi kwao. Vifaa vya kazi viliuzwa kimoja kimoja, mwisho akawa analala kwenye vibaraza vya maduka. Nyumbani Muyama, mama hakumsema vibaya hata siku moja. Kila jioni alipiga magoti akaomba kwa Kiha, akimwita Imana, Mungu wake, amtoe mwanawe vilabuni.

Aliyemwokota ni mchungaji mmoja wa Kibondo, mzee wa asili ya Burundi ambaye naye aliwahi kuwa mlevi. Alimpa chumba nyuma ya kanisa. "Kuomba tutaomba," alimwambia, "lakini asubuhi tunalima maharage." Kaka aliomba, akalima, akatetemeka, akatapika. Kuna siku alitoroka akanywa. Aliporudi akitegemea kufukuzwa, alikuta amewekewa ugali. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipoanza kuamini kuwa Mungu anasamehe. Kabla ya hapo alikuwa akisikia tu.

Nikampigia simu. "Njoo umwone mama. Ameanza kusahau."

"Nitakuja, mdogo wangu. Nimemdanganya mara nyingi mno. Safari hii nataka nirudi nimepona kabisa."

Hata mchungaji alimsihi aende hivyo hivyo alivyo, kwamba kupona kabisa hakuna. Hakusikia. Maharage yakavunwa, yakapandwa tena, yakavunwa.

Alipofika, amenyoa, Biblia mkononi, mama alikuwa uani akipepeta.

"Karibu, baba. Umetoka wapi?"

Kaka akapiga magoti. "Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni. "Mimi pia nina kijana," alisema. "Ila yeye anakunywa sana. Wewe unasali?"

"Nasali, mama."

"Basi nisaidie tumwombee."

Akamshika mkono, akaomba maneno yale yale ya miaka yote. Nilisimama mlangoni nikasikia kaka akiitikia amina.

Alihamia pale kumtunza. Jioni zote walimwombea pamoja yule mlevi. Baadhi ya siku, baada ya sala, kaka alitoka akashika njia ya kilabuni, nami nikabaki mlangoni nikimsubiri. Alirudi mikono mitupu, mdomo hauna harufu, akaenda kumtandikia mama kitanda. Mama alifariki wakati wa masika bila kumtambua.

Mpaka leo hanywi. Kibondo humwita atoe ushuhuda, na watu hupiga vigelegele. Habari ya mama huwa haisemi.

Juzi tukipalilia kaburi aliniambia, "Mungu alimjibu zamani. Mimi ndiye niliyelichelewesha jibu njiani."

Tukaendelea kung'oa majani.