Kompyuta Niliyojifanya Kuijua

Miaka kumi na minane niliandika majina ya abiria wa bandarini Kalemie kwa kalamu, na niliapa sitabadilika. Mkubwa wetu mpya, Mama Yvette, akaleta kompyuta. Akasema asiyeijua atahamia ghala la mahindi. Nikadanganya kwamba naijua sana.

Jumatatu asubuhi akaniacha nayo, akaenda mkutanoni. Kioo kilikuwa cheusi. Nikafikiri ile njo rangi yake ya siku zote. Nikagonga herufi kwa nguvu, uso nimeukunja kama mutu wa kazi nyingi. Abiria wakanisifu dirishani.

Saa sita akarudi. "Papa Kalunga, umefika wapi?"

"Nimebakiza majina matano tu, Mama."

Akatazama kioo, kisha taa ya juu. "Papa, umeme umekatika tangu asubuhi. Sogea kidogo, nikufundishe."