Jirani Anayemuuguza Taa

Jirani yangu muuza nyama ana sauti ya kupasua kuta. Akiulizia chumvi tu, jengo zima linajua anataka kula. Lakini mbele ya tangi lake la kioo huongea kama aliyeingia chumba cha mgonjwa. Humo anaishi taa wa maji baridi, samaki bapa kama sinia, aliyeota ukungu mweupe mgongoni. Kila jioni jirani hunawa mikono hadi viwikoni, hubadilisha maji kidogo kidogo, kisha humimina dawa nusu ya kipimo, maana daktari wa mifugo alimwonya kwamba ngozi ya taa haivumilii dawa kali.

"Pole, mama, itakuwasha kidogo tu," humwambia, vidole vyake vinene vikikwepa mwiba wa mkia.

Wiki nzima samaki aligoma kula. Jana nilikuwa nimesimama mlangoni na mke wa jirani, taa alipojivuta taratibu, akaufunika mkono wa jirani uliomwekea chakula na kunyonya minyoo ya nyungunyungu vidoleni mwake. Jirani alibaki ameinama, mabega yakitikisika.

"Maji yamekurukia machoni, baba?" mkewe akamuuliza.

"Yamenirukia," akajibu, na mkewe akamletea taulo bila kuuliza zaidi.