Vitundu Kwenye Bawa la Kushoto

Mimi ni mtu wa shaka, na sioni aibu kulisema. Anayeamini kila mtu ndiye anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo ilipoamuliwa ile ndege ipakwe rangi upya, rangi niliisimamia mwenyewe.

Ndege ni ndogo, ya injini moja, na si yetu. Mwenyewe yuko Dar. Mume wangu ndiye anayeirusha kutoka hapa Kilwa Masoko, anapeleka wageni visiwani, na mara nyingine mgonjwa wa kukimbizwa. Hewa ya chumvi haiachi hata bati la choo, itaiacha ndege? Rangi ya zamani ilivimba kama andazi. Ilipobanduliwa tukakuta unga mweupe chini ya bawa la kushoto: bati lilikuwa linaliwa. Fundi mitambo akaja, akakata kipande kibovu, akatia kipya, akakagua kila mahali na kusema imepona. Mume wangu akacheka, akasema ndege ni mashine, ikitengenezwa imetengenezwa. Mimi sikucheka. Rangi ikiwa ya uongo, chumvi itarudi kula kimyakimya huku yeye yuko juu, na atakayekaa eda ni mimi.

Mwenye ndege alitaka tutumie rangi ya magari, maana inapatikana Lindi. Nikampigia simu. "Kaka, basi likiharibika linaegeshwa pembeni. Hii itaegeshwa wapi?" Akanung'unika, lakini akanunua rangi ya ndege: praima ya kushika bati, rangi nyeupe ya juu, na hadina ya kuigandisha, zote za kiwanda kimoja, kwa sababu za viwanda tofauti zinaweza kukataana. Makopo yalipofika kwa basi, mfuniko mmoja ulikuwa na mkwaruzo. Machale yakanicheza, nikamhoji dereva wa basi. Nikalirudisha hilo kopo, likaja jingine. Yote nikayatia alama ya rangi ya kucha pale mfuniko unapokutana na kopo, ili atakayefungua nimjue.

Fundi rangi tulimtoa Lindi, mtu mzima anayepaka mabasi. Alikuwa mpole kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo huwa simwamini hata kidogo. Nikaweka kiti cha plastiki mlangoni mwa banda la ndege, nikawa namtazama anavyochanganya na anavyopima.

"Bi mkubwa," akaniambia, "unanilinda kama nimetoroka jela."

"Nalinda makopo, fundi. Wewe ukitaka nenda zako hata Mtwara."

Akacheka peke yake.

Alhamisi alimaliza kupiga msasa na kufuta bati lote kwa dawa, likawa jeupe, safi. Ijumaa asubuhi hakukuwa na kazi, nikaenda sokoni. Baada ya swala akaja akapuliza praima. Haikupita muda bawa la kushoto likaanza kutoka vitundu, rangi inakimbia na kuacha bati wazi. Na palikuwa palepale penye kipande kipya.

Damu ilinichemka. Nilimwambia ameizimua rangi kwa thina ya magendo, kwamba mpole kama yeye ndiye anayezika watu. Akaweka chini bunduki yake ya rangi.

"Thina hiyo hapo, mama. Inuse."

Nikanusa, ilikuwa sawa, na bado nikamwambia akusanye vyombo vyake. Hakubishana, akaanza kuosha bunduki.

Ndipo nilipoinama kuangalia vizuri. Vile vitundu havikutawanyika ovyo. Vilikuwa na umbo la kiganja na vidole, kiganja kidogo, na pembeni yake kikubwa, vimepita juu ya kile kipande kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mama mkwe wangu, mwenye mikono midogo, alikuwa nyumbani, amekuja kutoka Rutamba wiki ileile. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Mama, umeshika ndege?"

"Nimeipaka mafuta ya habasoda asubuhi. Yamesomewa Yasini. Kuna ubaya?"

"Mama, rangi haishiki penye mafuta! Unataka mwanao afe?"

Aliendelea kutoa chuya.

"Na kiganja kikubwa ni cha nani?"

"Chake." Akaweka ungo chini. "Yeye ndiye aliyenifuata Rutamba. Alisema, mama, njoo unisomee, tangu nilione lile bati lililoliwa sipati usingizi. Nikamuuliza, mkeo anajua? Akasema, yule nikimwambia naogopa, ataanza kunichunguza mimi kama anavyochunguza makopo."

Nilimchunguza mwenye ndege, dereva wa basi, na fundi wa watu. Mtu ninayelala naye kitanda kimoja sikumwona.

Nikarudi bandani, nikamwomba fundi radhi. Alikubali kubaki, ila hakunitania tena. Tukachukua msasa kila mtu wake, tukaanza kukwangua.

Mume wangu alitukuta hapo. Alikwenda moja kwa moja kwenye bawa, akaziona alama za vidole vyake, kisha akaniangalia mimi.

"Unaogopa," nikamwambia.

"Sana," akasema.