Majivu ya Mzee wa Kifini

Nilipokwenda Doha kuwa yaya, mwanangu nilimwacha kwa dada yangu, hata kutembea hajaanza. Nikalea mtoto wa wenyewe, binti wa Kifini wa miaka sita, mbishi kuliko mimi. Alikataa kulala chumbani kwake, na ile fleti akakataa katakata kuiita kwao. Kisa, haikuwa na mzee.

Mzee mwenyewe anaitwa tonttu. Kwao kila nyumba ina wake: kizee kifupi chenye ndevu, hakionekani, kinakaa pale ulipowashwa moto wa kwanza na kuwalinda waliomo. Msitu una mungu wake, Tapio, na maji yana Ahti, lakini hao, binti alinieleza kwa huruma, Doha wangekufa kwa joto. Tonttu angeweza kuja. Ila haji hivi hivi. Lazima aletwe na majivu ya jiko la zamani.

Bibi yake alipokuja kututembelea, aliyabeba majivu hayo kwenye kopo la kahawa. Tukasimama jikoni, yeye, mama mtoto na mimi, tukilitazama jiko la umeme, laini kama kioo. Majivu yaingie wapi? Machozi yakamlengalenga bibi wa watu. Mimi nikakasirika: watu wazima watatu tunashindwa na kopo! Mama yangu naye hakuhama bila kaa la moto kwenye kigae. Nikashusha kabatini chetezo tulichopewa na jirani yetu Mwarabu, nikamwaga majivu ndani, nikaweka kaa juu yake na kipande cha udi.

Binti akanusa. "Amefika," akasema, akaenda kumwekea uji wa mchele. Tangu siku hiyo akalala chumbani kwake.

Ijumaa nikawasimulia wenzangu kanisani, kule Mesaimeer.

"We dada, hayo ni majini unafuga kwa nyumba ya watu!" mmoja akanirukia.

"Basi jini linakula uji," nikamjibu, "na mtoto analala."

Tukacheka. Lakini nilirudi na wivu moyoni. Mtoto wa watu amepata kwao ugenini, na wangu je?

Miaka ikapita, familia ikarudi Ufini. Siku ya kufunga mizigo, binti aliyagawa majivu, nusu akaniwekea kwenye kopo. "Ya nyumba yako," akasema, "ili ikujue ukifika."

Nikafika. Mwanangu alikuwa mrefu, kavaa sare ya shule, kajibanza nyuma ya dada yangu. Nikaingia jikoni, nikamwaga majivu katikati ya mafiga, nikabandika uji. Nikamsikia akimnong'oneza dada yangu:

"Mama, huyu mgeni atalala wapi?"

Dada akanitazama. Nikaendelea kukoroga. Nyumba nzima, aliyenijua alikuwa yule mzee wa Kifini peke yake.