Mahali Mafuta Yalipokomea

Kabla ya kukifungua kitabu, Nthambi Musau anakinusa. Anakileta puani kama mpishi anayepima samaki wa jana, kisha anakigeuza kichwa chini na kukitikisa. Mchanga kidogo wa Diani unamwagika mezani.

"Kimefika ufuoni hiki," anasema, "lakini hakijanywa maji. Haya, tuendelee."

Ni alasiri ya Novemba 1998, nyuma ya soko la Ukunda, katika kibanda cha mabati kilichojaa vitabu mpaka mlangoni. Anayengoja jibu ni Mwanatumu, binti wa Kinondo anayesafisha vyumba katika hoteli moja ya ufuoni. Watalii wakiondoka huwaachia wahudumu vitabu walivyokwisha kuvisoma, na wahudumu humletea Nthambi. Yeye huviuza, au huviazimisha kwa shilingi kumi kwa juma.

Leo Mwanatumu ameleta kimoja tu. Ni kinene, cha Kiingereza, na jaladani moshi mweupe umegawanyika pande mbili katika anga la buluu. Kinasimulia chombo cha anga cha Wamarekani kilichopasuka mwaka 1986 punde tu baada ya kuruka, wakafa watu saba, mmoja wao mwalimu wa shule.

"Mia na hamsini, mamangu," anasema Mwanatumu. "Tazama kilivyo kizuri."

"Uzuri wa jalada haunilishi, mwanangu. Ngoja nione mafuta."

Hayo mafuta ndiyo mizani yake. Wageni husomea kando ya bwawa la kuogelea, miili imepakwa mafuta ya kujikinga na jua, na vidole vyao huacha alama kila wanapofunua ukurasa. Alama zikifika mwisho, kitabu kimesomwa chote, basi ni kitamu. Zikikatika njiani, msomaji alichoka akakitupa.

"Mzungu haoneani haya na kitabu," anaeleza. "Kikimchosha, anakisukuma chini ya kiti na kuagiza soda. Mimi wa kubishana naye ni nani?"

Anafunua taratibu huku akiinamisha karatasi kwenye mwanga. Mafuta yapo, yapo, yapo. Karibu na katikati yanakoma ghafla, na kuanzia hapo karatasi ni nyeupe pe! Nthambi anakifunga kitabu na kumrudishia mwenyewe.

"Kimemshinda huyu. Siwezi, Mwanatumu."

Kwenye benchi anacheka Mzee Chirau, mlinzi wa hoteli na mwazimaji mkubwa wa hadithi za upelelezi. "Umefanya vyema, mama. Kwani ajali zetu hazitutoshi hata tuagize za angani?"

Nthambi hacheki. Mzee anakumbuka, anashika kofia yake. "Niwie radhi, mama. Ulimi hauna mfupa."

Musau, mumewe Nthambi, alikuwa fundi wa kushona mapazia. Waliishi Mtongwe wakati huo, na Aprili 1994 alitoka nyumbani asubuhi kwenda kazini Mombasa. Feri aliyopanda ilizama. Watu zaidi ya mia mbili na sabini waliangamia, naye akiwa mmoja wao.

"Watu wema walikuja kunipa pole," anasema. "Wakaniambia, mama, alikufa papo hapo, hakuhisi kitu. Nikawauliza, mlikuwamo? Pole zao nilizipokea, lakini usingizi hazikunipa."

Baada ya msiba alihamia Ukunda na sanduku la vitabu alivyovikusanya mumewe, na hapo ndipo biashara ilipoanzia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mitatu alipona kweli. Kisha zikaja fujo za Agosti mwaka jana. Watu wa bara walitishwa na kukimbia, naye akakimbilia kwa dada yake Ukambani. Vitabu vyote vilihifadhiwa na mama yake Mwanatumu, Mdigo wa watu, mwenyeji wa hapa, chini ya kitanda chake. Aliporudi havikupungua hata kimoja. Wageni ndio waliopungua, tena sana.

Ndiyo maana siku hizi hawezi kukosea. Kwa bei ya kitabu hiki angepata vitatu vya mapenzi, na vya mapenzi havikai rafuni. Tena tangu msiba ule hajapata kununua kitabu cha ajali. "Naogopa," anasema bila kuficha. "Naogopa kitakachosemwa, na naogopa zaidi kitakachofichwa."

Mwanatumu hajaondoka. Anakisugua kitabu kwa kona ya leso.

"Lakini mamangu, yule mgeni mzee aliyeniachia alikisoma chote."

"Mafuta yanasema hakukisoma."

"Mafuta yalikoma kwa sababu alitoka bwawani. Siku mbili za mwisho alijifungia chumbani. Mimi naingia kutandika mchana kweupe, namkuta mapazia yamefungwa, taa inawaka, kitabu mkononi, macho mekundu. Ananiomba nirudi baadaye. Siku ya kuondoka akanipa kwa mikono miwili. Akaniambia hakiwezi kusomwa mbele ya watu wanaocheka."

Nthambi anakitazama tena kitabu. Miaka yote hii amehukumu vitabu kwa alama za vidole, na haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kukihamisha kitabu kwa kukiheshimu. Vingapi vizuri amevikataa? "Lo!" anasema, akijishika shavu. "Kilete."

Anakifungua pale mafuta yalipokomea na kuanza kusoma, midomo ikicheza. Usiku wa kuamkia safari, mafundi wanawaambia wakubwa wao kwamba baridi imezidi, chombo kisiruke. Wakubwa wanaamua kiruke. Nthambi anafunua, anafunua. Wateja wawili wanakuja na kuondoka. Chirau anawaashiria kwa kidole mdomoni.

Kisha anafika mahali anapopaogopa. Watu wengi waliamini kwamba wale saba walikufa papo hapo, hawakuhisi kitu. Lakini wapiga mbizi walipokitoa chumba chao baharini, ilionekana baadhi yao walikuwa wamefunguliwa hewa ya dharura. Huenda walikuwa hai kwa muda walipokuwa wakianguka. Walijua kwa kiasi gani, mwandishi anakiri hakuna awezaye kusema.

Nthambi anaweka kiganja juu ya ukurasa na kulia. Analia waziwazi, bila kugeuza uso, na Mwanatumu anamwekea mkono begani.

"Hakudanganya," anasema hatimaye. "Angeweza kuruka hapa akatupa maneno matamu. Kitabu cha msiba kikiruka hapa, usikinunue hata kwa shilingi moja. Huyu ameingia majini pamoja nao."

Anafungua kibweta, anamhesabia Mwanatumu pesa zake, wala hapunguzi hata senti. Mwanatumu, aliyekuja amejiandaa kushindania bei, anazipokea kwa haya.

"Kitapata wasomaji, lakini?" anauliza Mzee Chirau, kwa upole safari hii.

"Wewe ndiwe wa kwanza, kesho. Leo nakwenda nacho nyumbani."

"Basi sitakisomea getini. Nitakisomea nyumbani."

Nthambi anapanga kuanzisha rafu ndogo ya vitabu vya namna hii, vinavyosema ukweli juu ya waliokufa. Wajane wenzake wa Mtongwe bado hutembeleana, na anataka kuwasomea, akiwafasiria kwa Kiswahili. Wakitaka kulia watalia, anasema, angalau kwa jambo la kweli.

Lipo na tumaini jingine, analolitaja akiwa amekwisha kufunga mlango, kitabu kikiwa kwapani.

"Wale walikuwa saba, wakaandikiwa kitabu kinene hivi. Wetu walikuwa zaidi ya mia mbili na sabini, na chao sijakiona. Lakini atatokea mtu akiandike. Siku kitakapofika hapa, sitakinusa wala sitatafuta mafuta. Nitakifungua nitafute jina la Musau."