Kukata na Kupogoa

Mume wangu anaitwa Ochoki, lakini ukifika huku kwetu, juu ya Itumbe, ukamuulizia kwa jina hilo, watu watakutazama kwanza. Ulizia Sabato. Hapo hata mtoto wa chekechea atakuonyesha njia, na atacheka kidogo akikuonyesha. Jina hilo hakulipata kwa uchaji. Alilipata kwa sababu Jumamosi moja, siku yetu ya Sabato, sisi wote tukiwa kanisani, aliingia shambani kwa jirani yetu Okemwa na panga, akaifyeka chai yake mstari baada ya mstari mpaka mkono ukafa ganzi.

Mimi nilikuwa kwaya, sauti ya pili. Asubuhi aliniambia tumbo linamsokota, nami kwa ujinga wangu nikamwamini na kumwachia uji. Niliporudi nilimkuta ameketi mlangoni, shati limejaa vipande vya majani, anakunywa ule uji polepole kama mtu aliyetoka kazini. Kabla sijafungua mdomo nikasikia kilio ng'ambo ya ua. Ni Okemwa. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, suti bado iko mwilini, analilia chai.

"Umefanya nini, Baba Lavender?" nikamuuliza.

"Nimemnyamazisha," akasema.

Kumbe hakumnyamazisha, alimliza. Nilikasirika hata nikaumwaga uji uliobaki mbele ya miguu yake, na uji wenyewe ulikuwa wa wimbi, si kitu cha kumwaga ovyo.

Sasa nieleze chanzo, maana sitaki mdhani niliolewa na kichaa. Ochoki hakukulia kwenye chai. Ujana wake wote aliumalizia Kisii mjini, katika duka la vitambaa la mzee Bhupendra, akipima na kukata. Bhupendra alimpenda kwa sababu mkasi wake haukuwa ukiyumba. Ukimpa doti nzima ataigawa bila kuchora mstari. Kazi ilikuwa nzuri, mji ulikuwa mtamu, na nyumbani alikuja kwa nadra. Mama yake akaugua, akamwita, akamwita tena, kisha akafa. Ndipo tukarudi.

Siku ya mazishi Okemwa alipewa maikrofoni kama jirani. Akasema, "Huyu mama amekufa akiita kijana yake. Kijana alikuwa mjini anapimia watu vitambaa. Leo amekuja kupima shamba."

Watu waliinamisha vichwa, lakini niliona mabega yakitikisika kwa kicheko. Ochoki aliganda. Maneno yale yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yalimwingia mpaka kwenye mfupa. Uongo ungalimpita tu. Kaa na hasira ya namna hiyo miezi kadhaa, ukimwona aliyekutia aibu kila asubuhi akichuma majani yake huku akipiga mluzi wa nyimbo za kanisa, na utaelewa alikotoa lile panga. Sisemi alikuwa na haki. Nasema utaelewa.

Wazee waliketi kumhukumu. Kulikuwa na ubishi mrefu, na nusu ya ubishi ule, msinicheke, ilikuwa juu ya kosa gani ni zito zaidi: kuharibu mali ya mtu au kufanya kazi siku ya Sabato. Mwishowe wakasema atoe mtamba. Tukatoa mtamba wetu mmoja tuliyekuwa tukimtegemea. Okemwa akampokea, akamfungia kwake, na tangu siku hiyo akaacha kumwita Ochoki kwa jina lolote. Alikuwa akisema "yule".

Halafu mvua ikanyesha.

Ninyi mliozaliwa kwenye chai mnajua tayari. Ochoki ndiye peke yake ambaye hakujua. Yeye alidhani chai ni kama kitambaa, ukishakata basi. Lakini mti wa chai ukiukata usawa wa goti, na mizizi ikiwa mizima, hukaa uchi kwa muda, kisha huchipuka kwa nguvu kuliko mwanzo. Kila mwenye shamba hufanya hivyo mwenyewe baada ya miaka michache, ndiyo kupogoa. Na mkono wa mume wangu, ule wa dukani, ulikuwa umepita usawa mmoja shamba zima bila kuyumba. Chai ya Okemwa ikatoka imejaa, bapa juu kama meza. Watu walikuja kuiangalia.

Siku moja kwenye kituo cha majani, mzaha ukaanza. Mtu mmoja akapaza sauti, "Sabato! Si ukuje unikatie na mimi?"

Ochoki akajibu, "Mimi sikukata. Nilimpogolea."

Kituo kizima kikacheka. Hata karani wa mizani alicheka mpaka akasahau kuandika. Mimi pia nilicheka, nakiri, maana tulikuwa tumekaa na aibu kwa muda mrefu na kicheko kilikuwa kama mlango uliofunguliwa. Okemwa alikuwa pale. Alifunga gunia lake akaondoka.

Mzaha ule ulimfaa sana mume wangu. Aliushika kama mtu anayeshika fimbo kwenye utelezi. Na niseme haki yake yote: hakubaki kwenye maneno matupu. Alikwenda kujifunza kupogoa kwa kweli. Alimfuata afisa wa kilimo kutoka shamba hadi shamba, akanunua panga fupi lililopinda, akajifunza wakati wa kukata na wakati wa kuacha. Kisha akaanza kuwapogolea wajane, bure. Akawapogolea wagonjwa, bure. Shamba la kanisa, bure. Akipewa ugali na mboga ya chinsaga anashukuru, akikosa anarudi nyumbani na njaa yake nami namkaripia. Mvua ya mawe ikipiga kilima kizima, yeye ndiye wa kwanza kutoka kuangalia chai ya wenzake kabla ya yetu. Lavender wetu alikuwa darasa la pili wakati wa lile panga. Sasa ni mwalimu na ana watoto wake, na muda wote huo baba yake hajaacha.

Lakini kila aliposimama kanisani kutoa ushuhuda, alisema, "Mungu alitumia hata hasira yangu. Nilidhani nakata, kumbe napogoa." Washiriki wanasema amina, wengine wanatabasamu. Mimi hapo hapo nainama kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakimo. Kwa sababu niliijua sura aliyokuwa nayo mlangoni na ule uji. Na kwa sababu Okemwa, kwenye benchi lake la mbele, hakuwahi kusema amina hata mara moja.

Husemwa wema hauozi. Sawa. Lakini hata ubaya hauozi, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilimwambia siku moja tukila, "Baba Lavender, wewe umepogolea tarafa nzima isipokuwa mtu mmoja."

"Hajaniita."

"Na hatakuita."

Akaweka tonge chini. "Kwani anataka nini? Mtamba alichukua. Chai ilitoka. Wajane wote hawa nimewafanyia, na yeye anaona. Deni liko wapi?"

Nikamwongezea mboga. Lakini niliona jinsi alivyokuwa akiangalia ng'ambo ya ua kila jioni, na nikajua kwamba hata akipogoa mpaka kule Magwagwa, roho yake haitatulia kabla hajaingia katika shamba lile kwa ruhusa.

Mwaka huu Okemwa ameshikwa na magoti. Vijana wake wako Nairobi, na wale watu aliokuwa akiwaita kupogoa hawajaja tena. Chai yake ilikwenda juu mpaka wachumaji wakawa wanainua mikono kama wanaoomba. Ochoki aliitazama akateseka. Kweli, aliteseka, ukijua kazi, kuona chai imeachwa hivyo kunauma.

Jumapili moja asubuhi nikamwona Valentine, mke wa mwana wa Okemwa, anashuka kwenye kijia chetu. Binti mwenye adabu sana. Alisalimu, akakataa kuketi.

"Mama, mzee amesema Baba Lavender aende. Abebe panga."

"Amesema kweli kweli?"

"Amesema yule aende na panga lake," akasema, akaangalia chini ili asicheke.

Ochoki alivaa viatu vibaya, cha kushoto kulia. Nilimfuata nimebeba mkungu wa ndizi, kwa kisingizio cha kumjulia mgonjwa hali. Ukweli ni kwamba nisingekosa jambo hilo hata kama nyumba inaungua.

Tulimkuta Okemwa ameketi kwenye kigoda mwanzo wa mstari wa kwanza, mkongojo kati ya magoti. Ochoki alisimama mbele yake kama mwanafunzi, akamwamkia kwa lugha ya kwetu.

"Bwakire, mzee."

"Bwakire buya. Leo ni siku gani?"

"Jumapili, mzee."

"Mm. Angalau leo umechagua siku."

Nikauma mdomo. Ochoki akatabasamu, akadhani mambo yameisha, akapiga hatua kuelekea kwenye chai. Okemwa akanyoosha mkongojo, akamzuia.

"Ngoja. Nina neno moja tu. Nimesikia hii ushuhuda yako miaka mingi, kanisani, kituoni, kwa matanga. Nakuuliza hapa mbele ya hii chai. Siku ile ulikuwa unapogoa, ama ulikuwa unakata?"

Niliona mzaha ukija usoni mwa mume wangu. Naujua unavyokuja: jicho la kulia linafinya kwanza. Ukafika mpaka kwenye midomo. Nilitaka kumfinya, lakini nilikuwa mbali, tena mikono yangu imejaa ndizi. Nikaomba, mimi na mkungu wangu: Mungu, mnyime kicheko mtu huyu, leo tu.

Jicho likafunguka tena. Akashusha panga mpaka ncha ikagusa udongo.

"Nilikuwa nakata," akasema.

Mkongojo wa Okemwa ulibaki pale pale njiani.

"Nilitaka ife yote, mzee. Nilikata chini nikidhani nikikata chini haitaamka. Na ilipoamka niliumia. Kisha watu wakacheka, nikaona nimepata pa kujificha. Hao wajane wote nimewapogolea ili ile siku iwe kupogoa. Haikuwa kupogoa. Nilikukata. Nisamehe."

Hapo mimi nililia, na sioni haya kusema. Nilimwona mtu niliyeolewa naye, si yule wa ushuhuda. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na siku ya harusi alikuwa na suti ya kitambaa cha Bhupendra.

Okemwa aligeuka akaitazama chai yake. Kisha akasema, sauti imelegea, "Mimi nilijua. Kila mara ile chai ikitoka vizuri, watu wananiambia nikushukuru. Ningekushukuru aje, na nilikusikia ukikata? Nilikuwa nimerudi nyumbani kuchukua kitabu cha nyimbo. Nikasimama nyuma ya choo mpaka ulipomaliza, nikiogopa panga. Ulikuwa unanitukana kila ukipiga panga."

Ochoki akafunika uso kwa mkono.

"Na lile neno langu la mazishi," Okemwa akaendelea, "halikuwa neno la kusemea mbele ya jeneza la mama ya mtu. Hilo ni langu. Nisamehe na mimi."

Sasa mtu ataniuliza, je, wema wa miaka yote ile ulikuwa bure? Sidhani. Okemwa asingemwita mtu ambaye hakuwa amemwona akiwainamia wajane mvuani. Wema ulimfikisha mpaka kwenye ua. Lakini ua haukufunguka kwa wema, ulifunguka kwa neno moja alilokuwa akilikwepa tangu Lavender akiwa darasa la pili. Mimi si mchungaji, naeleza nilichokiona nikiwa na ndizi mkononi.

Okemwa aliondoa mkongojo njiani. "Haya, Ochoki," akasema. Ochoki. Nilimtazama Valentine, naye akanitazama; tulisikia wote wawili. "Ingia. Anzia pale ulipoanzia siku ile."

Mume wangu, ambaye amenihakikishia mara nyingi kwamba siku ile alikuwa amefura hata hakumbuki kitu, hakuuliza ni wapi. Alipita mstari wa kwanza, akapita wa pili, akateremka moja kwa moja mpaka shina moja karibu na mtaro, lililopinda kidogo kama kiwiko. Akapiga goti, akaweka kiganja juu yake. Kisha akapima urefu, akainua panga.

"Juu kidogo!" Okemwa akapaza sauti kutoka kwenye kigoda. "Safari hii tunataka ichipuke."